Makomeo Sita ya Eino Saarela

Jina langu ni Wendell Harju, lakini kwenye klabu yetu ya shabaha hakuna anayelitumia. Wananiita Karani. Sababu ni ugonjwa wangu wa namba, na siwezi kuulaumu mdomo wa mtu, kwa maana ugonjwa wenyewe ni wa kweli.

Bunduki tunazopiga sisi ni zile kuukuu za majeshi, ambazo serikali ziliwauzia raia baada ya askari kupewa mpya. Za Waswidi, za Waingereza, za Waswisi, za kwetu hapa Marekani. Hazina haraka. Kila risasi unaiingiza mwenyewe kwa komeo, kile chuma chenye mkono mfano wa kitasa: unainua, unavuta, unasukuma, unabana. Kiwandani kila bunduki ilipewa komeo lake, na namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki ikagongwa na kwenye komeo. Sasa imepita miaka mia, vita viwili vikubwa na maghala yasiyo na hesabu, na nyingi zimeshatengana na makomeo yake kama watu waliopeana talaka. Kuikuta moja ambayo namba zake bado zinalingana ni raha nisiyoweza kumweleza asiyekuwa nayo. Mtu akinikabidhi bunduki yake uwanjani nasoma komeo kwanza, ndipo namsalimu. Kwenye msiba wa Rudy Pelto, Mungu anisamehe, binti yake alinionyesha bunduki ya marehemu sebuleni, nami nikainama kusoma kabla sijampa pole. Darlene, mke wangu, hakunisemesha hadi tulipofika nyumbani.

Aliyenitania kuliko wote ni Eino Saarela.

"Siku utakayokufa, Karani," aliwahi kuniambia mbele ya watu wote, uso mkavu, "tutakugonga namba moja kwenye paji la uso, na nyingine kwenye jeneza. Makusudi zisilingane. Uhangaike nayo huko huko."

Mimi na Eino tulianza shule siku moja, tukiwa na miaka sita, na tulikaa dawati moja kwa kuwa ndio tuliokuwa wabaya wa Kiingereza kuliko wengine; nyumbani kwetu sote ilisemwa Kifini tu. Yeye akaja kuwa mwalimu wa useremala, mimi nikaendesha gari la kaunti la kusukuma theluji kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa na bunduki sita, na aliyoipenda ilikuwa ya Waswidi, ya mwaka 1911, tarakimu zake za mwisho 417. Komeo 417. Hata vile vyuma vidogo usivyoviona bila miwani, 417. Mfini kupenda kitu cha Mswidi kwetu ni kujitafutia maneno, na maneno aliyapata.

"Babu yako anageuka kaburini, Eino."

"Ageuke. Angeipiga hata mara moja angelala kwa amani."

Marlys, mkewe, hakuwahi kupiga risasi maishani mwake, lakini hakukosa mechi. Alikaa nyuma ya Eino na darubini na chupa ya kahawa, akimwambia risasi imepiga wapi. "Kulia kidogo, mpenzi," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake ana makombo kwenye shati, na uwanja mzima ukiangua kicheko. Eino hakujali. Alisogeza shavu, akapiga katikati.

Marlys alifariki mwezi wa Machi kwa saratani. Machi kwetu ardhi bado ni jiwe, hakuna anayezikwa. Alisubiri kwenye chumba cha makaburini hadi Mei, udongo ulipokubali koleo. Kwa hiyo Eino alimuaga mara mbili. Mara ya kwanza alijikaza. Ya pili nilisimama karibu yake na nilisikia jinsi anavyopumua, na sikusema kitu, kwa maana kwa watu wetu kuongea ni kazi ya mkataba.

Kiangazi kile alikuja uwanjani mara mbili tu. Alipiga risasi zake akaondoka bila kwenda kuitazama shabaha. Ilipofika Septemba akaanza kugawa vitu. Darlene akapewa mikebe ya Marlys ya kuokea mikate. Ruthie Aho, katibu wa klabu, akapewa skii za Eino, na zilikuwa nzuri. Mimi akaniletea jiliwa lake kubwa la karakana, lile la kubania mbao, akalishusha garini peke yake akihema.

"Sina kazi nalo," alisema.

Nami, mjinga niliyejaaliwa, nikafurahi. Nililitamani lile jiliwa tangu zamani. Nililifunga kwenye meza yangu siku ile ile, nikamwita Darlene aje alione. Alilitazama, akanitazama mimi.

"Wendell, mtu anayegawa namna hii anafunga safari."

"Anapunguza vitu tu."

"Nenda kachukue makomeo."

Inabidi nieleze hili. Miaka kumi na minane nyuma, mdogo wa Rudy Pelto alijiua kwa bunduki yake mwenyewe, na tangu hapo klabu ina desturi ambayo haikuandikwa popote. Mtu akielemewa, bunduki zake hatuzigusi. Kumbebea mtu bunduki zake zote mbele ya majirani ni kumvua nguo. Badala yake anakwenda rafiki mmoja tu, anamwambia: nimekuja kuchukua makomeo nikayasafishe. Mwenyewe anajua. Aliyekuja anajua. Hakuna anayesema zaidi. Bunduki bila komeo ni ubao na bomba, haiwezi kumdhuru hata panya, na inaendelea kukaa ukutani kwake kama kawaida. Akipata nafuu anarudishiwa, yakiwa yamepakwa mafuta. Nimekwenda kwa watu hivyo mara mbili. Mara moja mtu alikuja kwangu, na hiyo sitaki kuisimulia.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Eino alikuwa jikoni. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi, nikasema maneno yenyewe haraka haraka kabla hayajanikwama.

"Nimekuja kuchukua makomeo nikayasafishe."

"Darlene amekutuma."

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya."

Akashuka chini kwenye chumba cha bunduki. Alikaa huko sana, nikamsikia akifungua droo, akifunga, akifungua tena. Aliporudi alikuwa na taulo la jikoni lililokunjwa, zito. Akaliweka mezani kati yetu.

"Yote sita."

"Sawa."

Nikalichukua. Hakuondoa macho kwangu.

"Hutazami?"

"Nitazame nini?" nilisema. "Nakuamini bwana."

Nilijiona muungwana kupindukia. Nilifikiri: huyu ni mtu mzima, rafiki yangu wa dawati, amekubali kunipa makomeo yake kwa mkono wake, halafu mimi nifungue taulo nianze kuhakiki mbele yake kama askari wa forodha? Nilifikiri kutotazama ndiyo heshima.

"Kahawa ipo," alisema.

"Darlene ananisubiri."

Darlene hakuwa ananisubiri. Tukazungumza dakika mbili kuhusu theluji, kama itakuja mapema, tukakubaliana itakuja mapema. Nikatoka. Kwenye kioo cha gari nilimwona amesimama mlangoni, mikono imening'inia.

Nyumbani nililiweka taulo kwenye kabati langu la chuma, nikafunga kwa ufunguo, nikashusha pumzi. Nilihisi nimemaliza kazi. Ndivyo nilivyohisi, na kwa kuwa nimeamua kusimulia nasimulia yote: sikurudi kwake. Nilimpigia simu mara mbili, tukaongea habari za matairi ya msimu wa baridi. Mara ya pili aliniuliza, "Yale makomeo umeshaanza kuyasafisha?" Nikamwambia bado, nina mambo mengi. Sikuwa na mambo. Niliogopa lile jiko lake. Niliogopa kukaa pale na kusikia jinsi asivyosema kitu.

Zikapita siku kumi na moja.

Alhamisi asubuhi Ruthie Aho akanipigia. Jumamosi ilikuwa mechi ya kufunga msimu, na alikuwa anapanga majina.

"Karani, Eino nimwandike nisimwandike?"

Nilianza kusema usimwandike, kisha nikapata wazo, na nikaona ni wazo zuri. Ningepeleka lile komeo moja tu, la bunduki ya Kiswidi. Ningempitia kwa gari langu, apige risasi zake ishirini kati ya watu wanaompenda, na jioni nirudi nalo mfukoni. Labda angecheka.

"Mwandike," nilimwambia. "Namleta mimi."

Nikalitoa taulo, nikalifungua juu ya meza ya karakana, nikachukua kitambaa na chupa ya mafuta. Nilianza na la Mswisi. Namba yake naijua kwa moyo. Bunduki zote za Eino nazijua, nilikuwepo zote sita zilipokuja. Sawasawa. La Mwingereza, sawasawa. La Kimarekani, sawasawa. Mawili ya Kifini hayalingani na kitu na hayajawahi kulingana, babu zetu walikuwa na vita vya kupigana, hawakuwa na nafasi ya ukarani wangu. Hata hivyo alama zake nazifahamu, na zilikuwa zenyewe.

Nikachukua la sita.

862.

Niligeuza komeo kwenye mwanga wa dirisha, kama kwamba mwanga ungebadilisha namba. 862. Na hilo pia nililijua. Tulilikuta mimi naye kwenye maonyesho ya bunduki Green Bay, ndani ya sanduku la vyuma chakavu, pini yake imekatika. Eino alilichukua kwa sababu lilimchekesha, akalifanya la kukandamizia karatasi kwenye meza yake ya karakana. Halifai kwa lolote. Lilikuwa pambo tu, na mimi nilikuwa nimelifungia kwa ufunguo siku kumi na moja kama lulu.

Kwa hiyo 417 lilikuwa bado kwa Eino, ndani ya bunduki yake.

Nilipiga simu. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Darlene alikuwa ametoka na gari lake tangu asubuhi. Nikachukua funguo za langu na sikumbuki kama nilifunga mlango.

Ni maili tisa. Maili nne nilikuwa nyuma ya lori la magogo, na barabara ile haina pa kulipita lori isipokuwa uwe umechoka kuishi. Nilipiga honi. Dereva akanionyesha kidole. Nililipita kwenye kilima, upande usio wangu, bila kuona kinachokuja, mimi niliyewakaripia watu miaka thelathini na moja kwa mchezo huohuo. Nilikuwa nasali Baba Yetu kwa Kifini, na kila nikifika kwenye mkate wetu wa kila siku maneno yanapotea, naanza upya. Nilimkasirikia. Amenichezea, nilisema kwa sauti garini, amenipa chuma chakavu akijua. Amenitazama usoni akanidanganya.

Mlango wake haufungwi kamwe. Niliingia bila kubisha.

Alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni. Amenyoa ndevu. Amevaa lile shati jeupe alilovaa kwenye maziko ya Mei. Bunduki ya Kiswidi ilikuwa mezani mbele yake, imelazwa, na komeo lilikuwa mahali pake.

Nilishika kiti, nikakaa ng'ambo ya meza. Mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuigusa bunduki, wala hakushtuka kuniona.

"Umechelewa," alisema.

"Eino."

"Siku kumi na moja, Karani."

"Umenipa la pini mbovu. Umenidanganya!"

"Nikudanganye wewe?" Sauti ilimpanda, na sijawahi kuisikia ikipanda tangu tulipokuwa watoto. "Wewe! Nani katika dunia hii anaweza kukudanganya wewe kwa komeo? Unasoma namba kwenye matanga! Unasoma namba kabla ya kumwangalia mtu usoni! Nilikuwekea 862, lile lile ulilonicheka nalo mwezi mzima. Nikakuuliza mbele ya macho yako, hutazami? Nikakuuliza!"

Nilisogeza kiti karibu na meza.

"Sikujua nitasemaje," aliendelea, polepole sasa. "Kwa mdomo sijui. Hata Marlys alikuwa akinisoma usoni, sikuwahi kumwambia jambo. Nikasema nitamwambia Wendell kwa namba. Atafungua taulo pale pale, anitukane, aseme wewe Saarela unafanya upuuzi gani, na mimi nitasema ndiyo, nafanya upuuzi, nichukue tuondoke. Ulipoondoka nikaweka kahawa. Nikasema hafiki hata kwa jirani Lampinen kabla hajageuza gari. Niliweka kahawa, Wendell. Nikasimama mlangoni mpaka miguu ikaganda."

"Nilitaka kukupa heshima."

"Sikuitaka!"

Alipiga meza kwa kiganja, bunduki ikaruka kidogo, na sote wawili tukaitazama. Ndipo nilipoinua mkono. Niliuweka juu ya komeo taratibu, nikimwangalia yeye. Hakunizuia. Nikainua, nikavuta. Risasi moja ikatoka, ikabingirika juu ya kitambaa cha meza, ikaanguka sakafuni. Nilifungua kizuizi cha pembeni, nikalichomoa komeo lote, na nilipokuwa nalo mkononi macho yangu yakaenda yenyewe kwenye namba. Sikuweza kujizuia.

"Sasa ndiyo unasoma," alisema Eino.

Akaanza kulia. Alilia kama mtu asiyejua kulia, mdomo wazi, bila kujifuta. Nami nililia. Nilizunguka meza nikamshika kichwa nikakibana tumboni mwangu, wanaume wawili wa miaka sitini na saba, na kama kuna mtu angetuchungulia dirishani nisingejali.

Baadaye nilimwuliza. Ningenyamaza ingekuwa afadhali, lakini nilikuwa nimeshajua kunyamaza kwangu kunagharimu nini.

"Ulikuwa bado unaningoja mimi? Leo?"

Alifikiri. Eino hajui kusema uongo wa kumfurahisha mtu.

"Siku za kwanza nilikuwa nakungoja wewe," alisema. "Wiki hii sikuwa namngoja mtu."

"Lakini ungali hapa."

"Leo Alhamisi."

Sikuelewa.

"Alhamisi Darlene huja. Saa sita. Analeta nisu." Nisu ni mkate wetu mtamu wa iliki, na nilijua kwamba mke wangu huoka mmoja wa ziada kila wiki tangu Mei, wapi unakwenda, sikuwahi kujishughulisha kuuliza. "Nimeamka nimenyoa. Nimevaa. Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja alfajiri. Halafu nikakumbuka leo siku gani. Nikasema haiwezekani Darlene ndiye afungue mlango huu, na mkate mkononi. Hajanikosea kitu. Alhamisi iliyopita ilikuwa vivyo hivyo."

Simu ilipolia hakuipokea, alisema, kwa sababu alidhani ni watu wa kuuza bima.

Tulikaa. Niliokota risasi nikaitia mfukoni. Saa sita kasoro tukasikia gari, na Darlene akaingia kwa mgongo, akiusukuma mlango kwa kiuno, mikono imejaa. Aligeuka. Akaona bunduki mezani, komeo mkononi mwangu, nyuso zetu. Alikuwa na mkate umefungwa kwa kitambaa cha bluu. Aliuweka kando ya jiko, akavua glovu moja baada ya nyingine.

"Eino," alisema, "chukua koti, shemeji."

"Tunakwenda wapi?"

"Hospitali, Hancock. Kwanza utakula kipande. Wendell, kata mkate, acha kukaa kama gunia."

Nikakata mkate. Eino alikula vipande viwili, na Darlene alikaa karibu yake, mkono wake juu ya wa Eino, akimwuliza moja kwa moja mambo ambayo mimi nisingeyauliza hata kwa kupigwa. Umekusudia kujiua? Tangu lini? Bado unakusudia sasa hivi? Na yeye alimjibu. Alijibu kila swali, kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi mzuri. Miaka sitini na mmoja nilidhani Eino Saarela ni mtu asiyeongea.

Alikaa hospitali wiki mbili. Wakampa dawa, na mtu wa kuzungumza naye, mwanamke mdogo ambaye Eino alimpenda kwa sababu naye alijua useremala. Alipotoka alikaa kwetu hadi Krismasi, kwenye chumba cha juu. Alitengeneza milango yote ya makabati yetu. Baada ya Mwaka Mpya binti yake, Janelle, alikuja akamchukua akaishi naye Duluth. Bunduki hakutaka hata moja. Zote sita ziko kwangu, na makomeo yake, zikilingana zile za kulingana. Ile ya Kiswidi siipigi. Ruthie aliniuliza mara moja kama nitaiuza, nikamjibu vibaya, nikaomba radhi.

Klabuni wananiita Karani bado. Wengine hawajui kilichotokea, na wanaojua wanajitia hamnazo kwa wema wao. Mwezi uliopita kijana mmoja mgeni alinikabidhi bunduki yake ya Kijerumani kwa fahari, akingoja niisome. Nikamsalimu kwanza. Nikamwuliza habari za nyumbani. Alinishangaa, akadhani mimi siye yule Karani aliyeambiwa.

Eino hupiga simu Jumapili. Anaongea na Darlene nusu saa, kisha ananipa mimi dakika tano. Namwuliza anaendeleaje kweli kweli, na ananiambia kweli kweli: wiki hii mbaya, wiki hii nafuu, juzi nimemwota Marlys. Ni mzima. Ana mjukuu anayemfundisha kuchonga vijiko. Namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu, ambaye nimemweleza yote isipokuwa sababu ya yeye kumkuta Eino hai, kwa maana sijui mtu anawezaje kubebeshwa jambo kama hilo na akaendelea kuoka mikate.

Sijui pia kama Eino amenisamehe. Hajasema, na hilo naweza kulivumilia. Kuna swali moja tu ambalo kila Jumapili linanifika kooni nikiwa nimeshika simu, na kila Jumapili nalimeza. Ruthie angenipigia siku moja baadaye, ningelifungua lile taulo Ijumaa, siku ambayo Darlene haendi kwake; ningemkuta?